Kushika Nyota Isitoroke

Siku niliyoanza kazi, Directeur wa kituo aliniketisha kwenye kiti cha chuma, akaniambia niweke jicho kwenye tundu la darubini na nisiliondoe mpaka aniambie. Sikuelewa. Mimi nilikuja kuomba kazi ya dactylo. Diploma yangu ilisema dactylo, na baba yangu, fundi cherehani wa Kamalondo, mjukuu wa watu wa Maniema, alikwisha kuwatangazia wateja wake wote kwamba Salima sasa atapiga mashine ofisini. Kumbe mpiga mashine walikuwa naye tayari. Waliyemkosa ni mtu wa kushika nyota.

Vijana wa kituo wameniomba niandike namna kazi hiyo ilivyofanyika kabla mashine hazijajifunza kujiongoza zenyewe. Haya, naandika. Lakini nawaonya mapema: mengi sikuyaelewa wakati ule, na nilistaafu bila kuyaelewa. Mkitaka maelezo yaliyonyooka, mkamuulize mwingine.

Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Kituo chetu kilikuwa njia ya Kipushi, mbali kidogo na taa za mji wa Lubumbashi. Mchana tulipima mvua, upepo na mitetemeko ya ardhi. Jioni, kwa kuwa Directeur aliipenda kazi hiyo kuliko chakula, tulipiga picha za anga. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, na hakurudia neno mara mbili. Ukikosa kusikia, shauri yako.

Ile siku ya kwanza mbele ya jicho langu kulikuwa na giza, nyuzi mbili zilizopishana kama msalaba, zikiangazwa na taa nyekundu hafifu, na nukta moja ya mwanga. Mkononi waliniwekea kisanduku chenye vitufe vinne. Tulikiita raketi. Nikaambiwa nyota ikitoka katikati ya msalaba niirudishe. Ikatoka upande wa kulia. Nikabonyeza kushoto. Ikazidi kwenda kulia, karibu itoroke kabisa.

"Weye mama, bonyeza ngambo ingine," sauti ilisema gizani. "Mu lunette bintu byote biko kichwa chini."

Huyo alikuwa Papa Kalonji, technicien wa kituo. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa commune ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Alikuwa mnene, mcheshi, na alivaa makoti mawili moja juu ya jingine. Ndiye aliyenifundisha kazi, na kwa kiasi fulani ndiye aliyeniharibia. Nitafika huko.

Basi kazi yenyewe ilikuwa hivi. Darubini kubwa hubeba filamu badala ya jicho. Mwanga wa vitu vya mbali ni mdogo sana, kwa hiyo filamu lazima iachwe wazi muda mrefu, jioni nzima pengine, ikikusanya kidogo kidogo. Wakati huo dunia inazunguka na nyota zinahama. Mota inaizungusha darubini ili izifuate, lakini meno ya magurudumu yake hayalingani sawasawa, mara linachelewa hili, mara linawahi lile. Ndiyo maana mgongoni mwa darubini kubwa tulifunga lunette, yaani darubini ndogo, kwa pete mbili za chuma, na mtu akakaa hapo kuangalia nyota moja tu. Ukiishika hiyo moja katikati ya msalaba, zote zilizo kwenye filamu zinatulia. Ukiiacha, kila nyota kwenye picha inaota mkia.

Nilimuuliza Directeur kwa nini tusitafute mota nzuri zaidi. Alinitazama, akasema, "Weye njo mota muzuri zaidi." Sikujua kama ananisifu au ananitania.

Jambo lililonichanganya kuliko yote ni ncha ya anga. Darubini ya namna ile ina mhimili, na mhimili huo lazima uelekee mahali ambapo anga lote linazungukia. Kitabu cha mashine kilitoka Ulaya, kikasema utafute nyota ya kaskazini, umalize. Kwetu ncha iko kusini, chini karibu na upeo, upande wa Zambia, na hapo hakuna nyota ya maana, kuna moshi wa viwanda na wa majani yanayochomwa kiangazi. Tulikuwa tunalenga mahali patupu. Papa Kalonji alilegeza bolti, akaangalia nyota ya juu kama inapanda au inashuka kwenye uzi, akasukuma mhimili kidogo, akaangalia tena. Kazi hiyo ilikula jioni baada ya jioni.

"Papa, unajua namna gani sasa iko sawa?" nilimuuliza.

"Haiko sawa. Iko tu haikasirike sana."

Kulikuwa na sheria zake. Mbabula, jiko la makaa, ilikatazwa karibu na darubini, hata mwezi wa sita ambapo baridi ya Lubumbashi inaingia kwenye mifupa, kwa sababu hewa ya moto ikipita mbele ya lensi nyota zinacheza. Ilikatazwa pia kukimbiza hewa. Maana yake, nyota inapotetemeka upesi upesi, huo ni upepo wa juu tu, usibonyeze kitu. Unangoja uone imehama kweli, ndipo unairudisha polepole. Mwenye papara aliharibu picha kuliko mzembe. Miezi ya kwanza nilikuwa na papara, na picha zangu zilitoka na nyota nene kama mandazi. Baadaye mkono ulitulia. Nasema bila aibu kwamba niliipenda kazi hiyo. Nilipokaa pale nilisahau baridi, nilisahau njaa.

Na kulikuwa na desturi yetu moja ambayo sijaisikia kituo kingine chochote. Mwongozaji hakukaa peke yake. Mwenzake alikaa gizani karibu na mota, akiilinda betri na kuangalia umande usiingie kwenye lensi, na kila baada ya kitambo aliita, "Iko?" Yaani, nyota ipo katikati? Mwongozaji alijibu, "Iko." Basi, hakuna neno lingine. Wangezungumza habari za nyumbani, jicho lingehama. Wasingesema kitu, mmoja angesinzia. Kila asubuhi Directeur alimuuliza mwenzake, si mwongozaji: "Aliitika?" Akiambiwa ndiyo, alienda kusafisha filamu kwa moyo mweupe.

Miaka ilipita hivyo. Nikaahidiwa kwamba nitathibitishwa, niwe observatrice, mtazamaji wa anga, kwa cheo kamili, mwanamke wa kwanza kituoni. Baba akaacha kuwaambia watu kwamba mimi ni dactylo, akaanza kuwaambia kwamba mimi nalinda nyota. Nilimkataza, wapi.

Kiangazi hicho Directeur alibaki na filamu moja nzuri, na nyingine hazikuwa zinaagizwa tena. Aliitaka picha ya wingu kubwa la gesi lililo kwenye kundi la Karina. Kwetu linapanda vizuri kusini mara tu giza linapoingia, halafu linavuka kutoka mashariki kwenda magharibi, na darubini inalala pamoja nalo upande wa pili. Alitaka kuipeleka wizarani, kuwaonyesha kwamba kituo kinafaa kitu. Alinichagua mimi.

"Salima, hii hatutapata ingine," alisema.

Nilikaa. Papa Kalonji alikaa mahali pake na makoti yake mawili. Baridi ilikuwa ya kuuma. Akaita, nikaitika. Akaita, nikaitika. Nyota ilipotoka katikati niliirudisha polepole, na nakumbuka niliwaza kwamba sijawahi kuongoza vizuri hivi. Directeur alipokuja kufunga filamu, nyota ilikuwa juu ya msalaba. Nilimwomba aangalie mwenyewe, akaangalia, akasema vizuri.

Kesho yake aliniita ofisini. Filamu ilikuwa mezani, juu ya kioo chenye taa. Kila nyota ilikuwa na mkia.

"La photo iko filée," alisema. "Ulilala."

"Sikulala, Directeur. Uliona mwenyewe, nyota ilikuwa katikati."

"Niliona mwisho. Ulilala, ukaamuka, ukairudisha katikati."

Papa Kalonji aliitwa. Aliulizwa kama niliitika. Akasema, akiangalia chini, "Aliitika, Directeur. Mpaka mwisho."

Nilidhani yameisha. Directeur akasema kwamba mtu anaweza kuitika akiwa usingizini, hata mtoto anayeitwa na mama yake asubuhi anaitika bila kuamka. Hapo nikaduwaa. Sote tulikuwa tumeliamini lile neno moja kama saini ya mtu aliye macho, na kumbe lilikuwa neno ambalo kinywa kimelizoea. Nilijua sikulala. Lakini aliyelala pia hajui.

Sikufukuzwa. Nilipelekwa Pweto, kupima kina cha ziwa na mvua. Cheo hakikutajwa tena. Baba aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia hata mimi sijui, akadhani namficha. Alikufa akidhani namficha. Hilo linaniuma mpaka sasa, na sina namna ya kulipamba.

Pweto nilimkuta chef de poste mmoja, mkuu wa kituo, mtu wa Mungu, asiyependa maswali. Kazi ilikuwa kusoma mti wenye alama uliosimikwa majini na kumwaga maji ya kipimo cha mvua. Niliolewa huko na mfanyabiashara wa samaki wakavu, na katika mwaka wetu wa kwanza aliniambia kitu kilichonivunja nguvu.

"Weye unaitikaka mu usingizi," alisema. "Nakuita, unasema ndiyo, kumbe unalala kabisa."

Nikamwomba anijaribu. Akanijaribu, akasema ni kweli, nimeitika vizuri sana. Yeye aliona ni jambo la kuchekesha. Mimi nilikaa kitandani nikilia, na maskini hakujua kosa lake ni lipi. Tangu hapo nilikubali. Nikajiambia, Salima, ulilala. Siku zingine niliamini hivyo kabisa. Siku zingine, nikiwa napima maji, ile nyota ilinirudia machoni, imetulia juu ya nyuzi, na nikasema haiwezekani. Nilichoka kugombana na nafsi yangu.

Kutoka Pweto nilihamishiwa Kasumbalesa, kwenye kipimo cha mvua karibu na mpaka, ambako vumbi la malori liliingia kwenye chombo mpaka sikujua napima mvua au tope. Chef wa pale aliniambia, "Andika mvua, tope haina colonne mu kitabu." Mwisho nikarudishwa Lubumbashi, kituo kile kile, na safari hii wakaniweka ofisini, kupiga mashine. Ilichukua nusu ya maisha yangu kupata kazi niliyoiomba siku ya kwanza. Directeur alikuwa amekwisha kustaafu na kufariki. Papa Kalonji naye alistaafu kabla sijarudi. Wapya walinijua kwa jina moja, Mama wa kulala, na waliliita kwa upole, kama mtu anavyoitwa mfupi.

Nami nikastaafu. Nilifikiri imeishia hapo.

Kiangazi kilichopita ingénieur wa sasa alinitumia ujumbe, akaomba nifike. Ni binti mmoja mrefu, ana heshima, ananiita Mama Salima na si lile jina lingine. Darubini kubwa ni ile ile ya zamani, na lunette ndogo ni ile ile, na pete zake ni zile zile. Ila pale lilipokuwa jicho langu pana kamera ndogo, na raketi imeondolewa, kompyuta ndiyo inayobonyeza. Inaangalia nyota, inaona imehama, inaamuru mota, bila papara. Haina baridi. Wala haiitwi na mtu.

"Mama, angalia," alisema, akanionyesha mstari kwenye skrini. "Hii njo nyota ya kuongoza. Haikutikisika hata kiloko. Sasa angalia photo."

Nikaangalia. Kila nyota ilikuwa na mkia.

"Machine ililala?" nilimuuliza. Namna nilivyouliza, akadhani natania.

Alinieleza, na nilimwomba arudie, akarudia. Pete zinazoishika lunette zinalegea kidogo sana darubini inapovuka na kulala upande wa pili. Uzito unahama. Lunette inainama kwa kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona, lakini filamu inakiona. Kwa hiyo ukiishika nyota sawasawa ndani ya lunette, unaisukuma darubini kubwa mahali pabaya. Wanaita flexion. Alikuwa amehangaika nayo msimu mzima, akadhani ni programu, akaibadilisha bure. Sasa atachukua mwanga wa kuongozea kutoka ndani ya darubini kubwa yenyewe, kwa kioo kidogo, ili vyote viiname pamoja.

Halafu akatoa filamu ya Directeur. Alikuwa ameikuta kabatini, akaisikia habari yake. Aliiweka kwenye mwanga.

"Mikia iko droite, imenyooka, Mama. Iko laini. Kama mwongozaji angalilala, mota yetu na meno yake mabaya ingechora mikia yenye kuyumba. Hapa hakuna kuyumba. Huyu muntu hakuacha nyota hata mara moja."

Mngedhani nilifurahi. Sikufurahi. Nilikaa na kichwa kizito, nikimfikiria baba, nikimfikiria mume wangu akiniita gizani na mimi nikiitika bila kuamka. Kama niliitika Pweto nikiwa usingizini, na kama kwenye kiti cha chuma sikuwa usingizini, basi mimi ni mtu gani? Sikujua nianzie wapi. Nikaona nimwendee Papa Kalonji. Ndiye pekee aliyenitetea, na alistahili kusikia kwamba alisema kweli.

Nilimkuta nyumbani kwake, mtaa wa Kenya, ameketi mlangoni, miguu imevimba. Mke wake aliniletea kiti na maji. Nikamweleza yote, pete, uzito, mikia laini. Alisikiliza, macho chini, kama siku ile ofisini.

"Salima," alisema, "miye njo nililala."

"Ulilala namna gani, Papa? Ulikuwa unaniita mpaka mwisho."

"Hapana. Nilikuita mwanzo tu. Halafu baridi na makoti, usingizi ukanishika."

"Nilikusikia."

"Hukunisikia miye." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Kuko wakati niliamuka kiloko. Nikasikia sauti yako. Ulikuwa unauliza weye mwenyewe, iko? Na unaitika weye mwenyewe, iko. Pole pole, muzuri. Nikasema mu roho, huyu mama anafanya kazi ya bantu babili. Nikaona haya. Nikabaki nimenyamaza, na usingizi ukarudi."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Hakusogea.

"Na Directeur alipokuuliza?"

"Nilisema uliitika. Haikukuwa bongo, ilikuwa kweli, uliitika. Kama ningesema ulikuwa unajiita, angeuliza miye nilikuwa wapi. Nilikuwa na batoto, Salima. Nilifikiri atakusamehe. Kisha ukaenda Pweto, nikafikiri nitasema mwezi ujao."

Nilikasirika, na nataka lieleweke hivyo. Nilisimama, nikazunguka uani, nikarudi. Nilimuuliza kama aliwahi kupita Kamalondo, kwenye cherehani ya baba yangu, aseme hata neno moja. Akasema alipita mara nyingi, na kila mara alipeleka suruali ipunguzwe, akalipa, akaondoka.

Aliniomba msamaha mbele ya mke wake. Niliaga, nikarudi nyumbani. Ninampelekea samaki wa Pweto kila mume wangu anapopata mzigo, tunakaa, tunazungumza habari za miguu yake. Kama huo ndio msamaha, sijui.

Ninyi vijana mtaendelea kuniita mnavyoniita, mmezoea. Mimi nilikwenda peke yangu makaburini kwa baba, nikasimama alipolala, nikamwambia kwa sauti, watu wakigeuka kuniangalia: Baba, sikukuficha kitu. Sikulala.